Mpimaji wa Mawe wa Masasi: Tathmini ya Huduma ya Kutambua Vimondo

Pembezoni mwa mji wa Masasi, kwenye barabara iendayo Tunduru, lipo duka dogo la vito ambalo mwenye nalo ameongeza huduma ambayo sijaiona kwingine katika mikoa ya Mtwara na Lindi: kumpimia mtu jiwe aliloliokota na kumweleza kama ni kimondo au la. Kazi yake ya kila siku ni kukata na kung'arisha vito vinavyotoka Tunduru na Ruangwa, kwa hiyo vyombo vya kuchunguzia mawe anavyo na mkono wake umezoea. Malipo ni shilingi elfu kumi kwa jiwe moja, na hutolewa kabla ya kazi kuanza, jibu liwe zuri au baya. Nimeitumia huduma hii, nimeiona ikitumiwa na wengine, na ninaiandikia tathmini ndefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito: huku kwetu jiwe jeusi lenye uzito usio wa kawaida huanzisha uvumi, uvumi huita madalali, na madalali hula akiba za watu kabla hata jiwe halijapimwa.

Jiwe lililonifikisha pale ni la mjomba wangu, mkulima wa korosho wilayani Nachingwea. Alilifukua kwa jembe wakati wa palizi chini ya mikorosho, akashangazwa na uzito wake, akalipeleka nyumbani na kulijaribu kwa sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu ya redio. Sumaku ikanata, na tangu siku hiyo jiwe likaitwa kimondo. Haikuwa hoja ya ovyo. Wengi wetu tulisikia shuleni habari za Kimondo cha Mbozi, kile kilichopo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi mkoani Songwe, ambacho ni bonge lenye urefu wa takriban mita 3, chuma kwa karibu asilimia 90 na nikeli kati ya asilimia 8 na 9. Mtu aliyekua akijua kwamba kimondo ni chuma kizito, akaja kuokota kitu kizito, cheusi na kinachovutwa na sumaku, ana kila haki ya kuuliza. Tatizo lilikuwa dalali aliyejitokeza muda si mrefu baadaye na kumwambia kwamba jiwe lile linatosha kumjengea nyumba, ila atangulize laki tatu za kipimo cha Dar es Salaam. Ndipo nilipomsihi mjomba tupite Masasi kwanza.

Jambo la kwanza lililonipa imani ni kwamba mpimaji hakuanza na vyombo. Alimwamkia mjomba shikamoo, akamkaribisha kwenye benchi, akaliweka jiwe mezani bila kuligusa tena, akafungua daftari.

“Mzee wangu, ulilikuta juu ya udongo au chini?”

“Chini, mwanangu. Kina cha jembe tu.”

“Uliwahi kulichoma moto, au kuliosha kwa kitu chochote?”

“Hapana. Maji ya mvua tu.”

“Na mengine ya namna hii yapo jirani?”

Mjomba akafikiri kidogo. “Madogo madogo yapo, kule kwenye korongo. Na mvua ikishanyesha, mchanga mweusi hubaki pale chini.”

Mpimaji aliandika jibu hilo la mwisho na kulipigia mstari. Alitueleza baadaye kwamba swali hili humwambia mengi kuliko sumaku. Kimondo ni mgeni mahali kilipoangukia, na kwa kawaida hakifanani na mawe yaliyokizunguka. Ni kweli kwamba kimondo kinaweza kupasuka angani na kutawanya vipande katika eneo kubwa, lakini mchanga mweusi unaojikusanya kwenye korongo kila msimu wa mvua, na unaovutwa na sumaku, mara nyingi ni magnetiti, madini meusi ya chuma, iliyosombwa kutoka kwenye miamba ya hapo hapo. Mpimaji asiyeuliza jiwe limetoka wapi anafanya nusu ya kazi, na huyu anauliza.

Baada ya hapo ikaja sumaku. Alitumia sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi, akaining'iniza karibu na jiwe na kutuonyesha jinsi uzi unavyopinda. Njia hii ni bora kuliko ya kubandika sumaku kubwa juu ya jiwe, kwa sababu sumaku kubwa hunata hata kwenye jiwe lenye chuma kidogo sana, ilhali uzi huonyesha kiasi cha mvuto. Uzi ulipinda sana. Mjomba akatabasamu, na mpimaji, kwa upole ninaousifu, akamwambia papo hapo asifurahi bado: vimondo vingi huvutwa kwa sababu vina chuma halisi ndani yake, lakini magnetiti huvutwa pia, mavi ya chuma, yaani taka za tanuri, mara nyingi huvutwa, na kipande cha mashine iliyooza shambani huvutwa vilevile.

Hapa nina lawama. Kwenye meza ya mapokezi kuna sumaku nzito ya neodimiamu, ya aina ile yenye nguvu sana inayotolewa kwenye kompyuta mbovu, na wateja wanaosubiri zamu huichezea kwa kuibandika kwenye mawe yao. Kwa jiwe la kawaida haina madhara. Kwa kimondo halisi ina madhara yasiyorekebishika, kwa sababu baadhi ya vimondo hubeba ndani yake kumbukumbu ya uga wa sumaku wa mahali vilipozaliwa, na sumaku yenye nguvu huifuta kumbukumbu hiyo kwa mguso mmoja. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kimondo kutoka Mirihi kiitwacho NWA 7034, kilichopatikana kaskazini-magharibi mwa Afrika, wakaonyesha kwamba sumaku za mkononi zilikuwa zimekwisha kufuta kumbukumbu ya kale ya sumaku katika vipande walivyovichunguza. Nilimweleza mpimaji jambo hili na alilipokea kwa moyo mweupe, ila nilipopita tena sumaku ilikuwa bado ipo mezani. Aiondoe.

Kipimo kilichofuata ni cha kigae, na kwa maoni yangu kila mwenye jiwe anaweza kukifanya nyumbani bila kumlipa mtu yeyote. Mpimaji alichukua kipande cha kigae cha bafuni, akakigeuza upande wa nyuma ambao hauna rangi wala mng'ao, akaukandamiza ukingo wa jiwe na kuuburuta kwa nguvu. Ukabaki mstari wa kijivu cheusi, mzito, kama wa penseli. Akaburuta tena pembeni yake kwa jiwe jingine kutoka kwenye droo yake, hematiti, madini mengine ya chuma, na huo ukatoka mwekundu wa kahawia. Mwishowe akatoa kipande kidogo cha kimondo cha mawe kutoka Sahara, akakiburuta kwa uangalifu mkubwa, na kigae kikabaki karibu kama kilivyokuwa. Kimondo ambacho hakijaoza kwa kutu hakiachi mstari, au huacha mwembamba usioonekana vizuri. Mjomba aliinama akaitazama ile mistari kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ule wa jiwe lake, kidole kikachafuka. Hakusema neno, lakini nadhani ni wakati huo alipoanza kuelewa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya uzito kwa ujazo, kwa sababu haiachi nafasi ya ubishi. Mizani yake ni ya kidijitali, ya kisonara, inayosoma hadi gramu moja na chini ya hapo. Kwanza alilipima jiwe likiwa kavu: gramu 612. Kisha akaweka bakuli la maji juu ya mizani, akabonyeza kitufe isome sifuri, akalifunga jiwe kwa uzi na kulizamisha lote majini bila kuliachia liguse kuta wala sakafu ya bakuli. Mizani ikasoma 122. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe, na kwa kuwa gramu moja ya maji hujaza sentimita moja ya ujazo, ndiyo ujazo wa jiwe lenyewe. Akagawanya 612 kwa 122 mbele yetu kwenye kikokotoo cha simu, ikaja 5.0 na ziada ndogo.

Ukutani amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono, na namba zake nimezikagua nikaona ni sahihi. Mawe mengi ya kawaida, yakiwamo yale ya vilima vya Masasi, huwa na kati ya 2.6 na 2.8. Vimondo vya mawe vilivyo vingi huwa juu kidogo ya 3 na mara chache hufika karibu na 4. Vimondo vya chuma huwa kati ya 7 na 8. Magnetiti safi ni 5.2 na hematiti inakaribiana nayo. Jiwe la mjomba lilikuwa limekaa katika pengo lililo kati ya vimondo vya mawe na vimondo vya chuma, jirani kabisa na magnetiti. Karatasi ile haisemi jambo moja ambalo ningependa aliongeze: vipo vimondo vya mchanganyiko wa chuma na jiwe ambavyo uzito wake unaweza kuangukia pengo hilo. Ni adimu mno, na ukivikata chuma chake cheupe huonekana wazi kwa macho, lakini mteja aliyelipa elfu kumi anastahili kuambiwa kwamba vipo na ni kwa nini jiwe lake si mojawapo.

Kwa kuwa hilo halikuwa limefungwa na mizani, ilibidi dirisha dogo lifunguliwe kwenye jiwe lenyewe. Aliomba ruhusa ya mjomba kwanza, akasugua pembe moja ya jiwe kwenye gurudumu lake la kukatia vito, eneo dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kisha akalilainisha kwa msasa. Ndani palikuwa peusi vilevile kama nje. Chini ya lensi yenye kukuza mara 10 zilionekana punje nyeusi zilizobanana zenye mng'ao hafifu, bila chembe hata moja ya chuma cheupe. Huu ni ushahidi wa aina mbili kwa pamoja. Kwanza, hakuna chuma halisi, kwa hiyo jiwe linavutwa na sumaku kwa sababu ya magnetiti yenyewe. Pili, weusi wa nje haukuwa ganda. Kimondo kipya huwa na ganda jeusi la kuungua ambalo kwa kawaida halifikii unene wa milimita moja, na chini yake jiwe huwa na rangi nyingine, mara nyingi kijivu. Jiwe ambalo ni jeusi kutoka ngozi hadi moyoni haliwezi kutumia weusi wake kama hoja.

Kisha akamkabidhi mjomba lensi na kile kipande cha Sahara, ambacho upande mmoja kimekatwa na kusuguliwa. Kwangu mimi kipande hicho ndicho chombo bora kuliko vyote dukani, na laiti kila shule ya sekondari ingekuwa nacho. Katika uso wake uliosuguliwa zimetapakaa chembe za chuma zinazong'aa mwanga unapozipata, na katikati yake vipo viduara vidogo vya jiwe, vingi havifikii milimita moja, ambavyo wataalamu huviita kondruli. Vilikuwa matone ya mwamba ulioyeyuka, yakaganda angani wakati Jua lilipokuwa changa, miaka takriban bilioni 4.56 iliyopita, kabla Dunia hii haijakamilika kuumbika. Mawe ya Dunia hayana kondruli. Akiziona mtu kwa macho yake, hahitaji tena kuambiwa tofauti.

“Kumbe kina mbegu ndani,” mjomba akasema. Akakitazama tena, akalitazama jiwe lake, akauliza kama watu wengine wangeweza kuletwa waone.

Jibu aliloandikiwa lilikuwa la mistari michache: jiwe ni magnetiti yenye mchanganyiko mdogo wa madini mengine, si kimondo, na namba za vipimo zimeorodheshwa. Mpimaji hakulipa jibu hilo urembo wowote wala hakumfariji kwa uongo. Alimweleza kwamba magnetiti ni madini ya chuma, kwamba kipande kimoja hakina bei ya maana sokoni, na kwamba laki tatu zake zibaki mfukoni. Dalali alipopiga simu tena, mjomba alimsomea namba moja baada ya nyingine, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa huduma ya elfu kumi, hilo peke yake linatosha kunifanya niipendekeze.

Siku hiyo hiyo alikuwapo mama mmoja kutoka upande wa Newala aliyeleta mawe mawili ya kijivu cheusi yenye vitundu vingi na sehemu zinazong'aa. Naandika habari zake kwa sababu mawe ya aina yake ni mengi huku kwetu. Mpimaji hakuhitaji hata mizani: vitundu ni alama ya mapovu ya hewa yaliyonaswa kitu kilipokuwa kinachemka, na vimondo karibu vyote havina mapovu. Yale yalikuwa mavi ya chuma. Ardhi ya kusini imejaa mabaki ya namna hii. Wahunzi wa zamani waliyeyusha chuma chao huku na kuacha taka za tanuri zao. Tena baada ya Vita Kuu ya Pili uliletwa mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ukafyeka mapori ya Nachingwea kwa mitambo na kujenga reli kutoka bandari ya Mtwara, reli ambayo iling'olewa mapema miaka ya 1960. Vyuma vya mitambo, vipande vya reli na taka za karakana vilibaki ardhini, vikala kutu, vikapata sura ya mawe. Mama yule alisema pale alipoyaokota udongo ulikuwa umeungua, naye akaona huo ni ushahidi wa moto kutoka mbinguni. Mpimaji alimweleza vizuri kwamba kimondo kidogo huungua kwa sekunde chache tu juu sana angani, kisha hupunguza mwendo na kuanguka kilometa nyingi bila mwanga, na kinapogusa ardhi kwa kawaida hakina joto la kuchoma hata nyasi. Udongo ulioungua na mawe yenye mapovu vikikutwa pamoja, hapo palikuwa na tanuri.

Sasa nije kwenye kasoro, na ya kwanza ni kubwa. Mpimaji ana desturi ya kutumia sumaku kama mlango: jiwe lisilovutwa kabisa hulirudisha pale pale, na kwa haki humrudishia mteja sehemu ya fedha, lakini haliendelezi kwenye vipimo vingine. Kwa mawe mengi uamuzi huo utakuwa sahihi. Hata hivyo, historia ya nchi yetu wenyewe inaukataa. Mwaka 1899 kilianguka Peramiho, karibu na Songea, kimondo cha gramu zipatazo 165 cha aina ya eukriti, yaani jiwe la volkano kutoka kwenye asteroidi, moja ya magimba ya mwamba yanayolizunguka Jua, na mawe ya aina hiyo karibu hayana chuma halisi. Tarehe 16 Desemba 1938 kikaanguka kingine Ivuna, kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, chenye uzito wa takriban gramu 705. Kimondo cha Ivuna hakina punje za chuma cheupe za kuona kwa lensi wala kondruli za kuonyesha, ni laini kiasi cha kumeguka, na ni chepesi. Kwa vipimo vya duka hili kingeweza kudhaniwa ni donge la udongo mkavu. Ilhali kundi zima la vimondo vya thamani kubwa kabisa kwa sayansi limepewa jina kutokana na Ivuna, na punje ambazo chombo cha Japani, Hayabusa2, kilizileta kutoka asteroidi ya Ryugu mwezi Desemba 2020 zilikutwa zinafanana sana na vimondo vya kundi hilo.

Simlaumu mpimaji kwa kutokuwa na maabara. Ninachomtaka ni aandike kwenye karatasi yake kwamba jiwe lisilovutwa na sumaku halijathibitishwa kuwa si kimondo, hasa likiwa na ganda jipya jeusi, na zaidi sana ikiwa mwenyewe alisikia mshindo au aliona moto angani kabla ya kuliokota. Jiwe lililoonekana likianguka lisirudishwe mlangoni kwa sababu ya uzi ambao haukupinda.

Kasoro ya pili inahusu nikeli. Kwa elfu tano za ziada, duka hufanya kipimo cha dawa: kemikali hupakwa kwenye pamba iliyosuguliwa juu ya jiwe, na rangi ya waridi ikitokea huambiwa nikeli ipo. Kipimo ni cha kweli na kina manufaa, kwa kuwa chuma cha kimondo daima huwa na nikeli, ilhali mavi ya chuma na magnetiti kwa kawaida hayana ya kutosha kuonekana. Lakini hapa tupo kusini, na huko Nachingwea, kwenye kilima cha Ntaka, kuna mashapo yanayojulikana ya nikeli ya asili. Mawe yake hubeba nikeli ikiwa imeungana na salfa, tena huwa pamoja na pirotiti, madini mazito ambayo huvutwa na sumaku na hushika kutu kwa nje. Mtu wa Nachingwea anaweza kabisa kuokota jiwe zito, lenye kutu, linalovutwa, na lenye nikeli, nalo likawa limezaliwa hapo hapo wilayani kwake. Tofauti haipo kwenye kuwapo kwa nikeli, ipo kwenye namna ilivyo: katika kimondo imeyeyuka ndani ya chuma chenyewe, chuma kinachofulika na kung'aa chini ya nyundo, na katika jiwe la Ntaka imo kwenye madini ya rangi ya shaba yanayovunjika. Niliona mteja mmoja akiondoka na furaha kubwa kwa sababu ya pamba ya waridi peke yake. Hakuelezwa haya, na alipaswa kuelezwa.

Kasoro ya tatu sitaificha, ingawa mpimaji ni mtu mwema. Mlangoni pameandikwa kwamba duka linanunua vimondo. Anayepima hapaswi kuwa ndiye anayenunua, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa sababu mteja hana namna ya kujua kama jibu la leo limeathiriwa na bei ya kesho. Pia kuna hati yenye muhuri wa duka, inayotolewa kwa elfu ishirini, yenye maneno makubwa kuhusu uhalisi wa jiwe. Hati hiyo haina kazi yoyote. Kimondo hutambuliwa rasmi pale tu maabara inapokichunguza muundo na kemia yake, na kamati ya majina ya Meteoritical Society, ambayo ni jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa vimondo, ikakipa jina na kukiandika katika orodha yake. Sharti mojawapo ni kuhifadhiwa kwa sampuli katika taasisi inayokubalika, gramu 20 au asilimia 20 ya uzito wote, chochote kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Muhuri wa duka hauwezi kushika nafasi ya hayo, na ningemshauri kila mtu achukue ile karatasi ya namba, ambayo imo ndani ya elfu kumi, aache hati.

Kwa jiwe litakalovuka vipimo vyote, mpimaji mwenyewe husema kwamba kazi yake inakoma hapo, na humwelekeza mteja kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, au idara ya jiolojia ya chuo kikuu. Ni ushauri sahihi. Ninaongeza tu kwamba mwenye jiwe abaki na jiwe lake, atoe kipande kwa maandishi, na aandike mahali lilipookotwa. Watu wa Lindi wana sababu ya kujali jambo hili. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ilichimbwa kwa jasho la watu wa huku, ikabebwa vichwani hadi pwani, na mifupa ya yule mkubwa kuliko wote imesimama hadi leo katika makumbusho ya Berlin. Kitu chenye thamani kwa sayansi kinaweza kusomwa na dunia nzima bila wenyewe kupoteza habari zake wala haki yake.

Duka hufunguliwa asubuhi hadi jioni isipokuwa Ijumaa mchana, na siku za mnada foleni huwa ndefu, kwa hiyo ni vyema kuwahi. Peleka jiwe likiwa kavu, limefungwa kwenye karatasi safi, bila kuoshwa kwa sabuni au kwa asidi, na bila kupasuliwa kwa nyundo. Andika kijiji, shamba na kina ulichochimba, na ikiwezekana piga picha ya mahali penyewe pamoja na mawe mengine ya jirani. Omba kipimo cha maji kifanyike mbele yako na ugawanye namba mwenyewe. Omba pia uonyeshwe kile kipande cha Sahara kwa lensi kabla ya kuambiwa jibu la jiwe lako, kwa kuwa mpimaji hukitoa tu akiulizwa au akiwa na nafasi, na hakuna malipo yoyote kwa kukitazama.